"Inaweza kunyesha leo" si "It can rain today"

Kosa hili linatokana na "inaweza" yetu, ambayo hubeba maana mbili. Kwa Kiingereza, "can" hueleza jambo ambalo hutokea nyakati fulani kwa ujumla: "It can get very cold in Njombe", yaani kuna siku Njombe huwa na baridi kali. Ukikisia tukio moja, la leo au kesho, tumia "may", "might" au "could": "It might rain today". Kipimo chepesi: sentensi yako ikikubali "huenda", achana na "can".

Kitenzi kinachofuata hubaki kitupu: "She might come", si "might comes" wala "might to come". Kwa jambo lililopita ongeza "have": "He may have left", huenda ameondoka. Hiyo "have" haigeuki "has" hata mtendaji akiwa "he".

Kwenye kukanusha ndipo wengi huteleza, na maana hubadilika kabisa. "He may not be home" ni huenda hayupo nyumbani. "He can't be home" ni haiwezekani awepo. Halafu "maybe" iliyoungana si kitenzi: "Maybe he is sick", lakini "He may be sick".