Sikukuu kwenye bustani ndogo ya wanyama: namna ya kuiandaa ili chakula cha miezi ijayo kipatikane

Mwongozo huu ni wa wenzangu wanaosimamia bustani ndogo za wanyama hapa Tanzania: mamba kadhaa, kobe, chatu, tumbili, pengine mbuni na nungunungu, basi. Siku ya Idi foleni ya getini inafika barabarani. Jumanne ya kawaida wanaingia watu wa kuhesabika kwa vidole, na tumbili anataka kula vilevile. Nitaeleza jinsi ya kuitumia siku ile ya foleni kuwapata watu watakaochangia chakula cha Jumanne zote zinazofuata.

Hatua ya 1: Jua kila mnyama anakula shilingi ngapi

Kaa na mtunza wanyama, daftari mkononi. Andikeni kila mnyama, anachokula kwa wiki, kilo ngapi, na bei ya sokoni ya wiki hiyo. Utashangaa. Mamba, ambaye kila mgeni anadhani ndiye anayewafilisi, hali kila siku. Mwili wake hauzalishi joto lake wenyewe, hivyo hautumii chakula kingi, na mlo mmoja kwa wiki unamtosha mamba mkubwa. Chatu hukaa muda mrefu zaidi ya huo. Anayemaliza fedha ni tumbili, mla matunda wa kila asubuhi.

Kisha tenganisha vitu vya kununua na vitu vya kuombwa. Daktari wa mifugo na dawa ni fedha taslimu siku zote. Mboga nyingi zinaweza kuombwa. Hesabu hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye bango la kila banda: "Kobe: matembele na mchicha, shilingi kadhaa kwa wiki." Mtu akiombwa "kuchangia uhifadhi" anatabasamu na kupita. Akiombwa matembele ya kobe anayemwona mbele yake, anaingiza mkono mfukoni.

Hatua ya 2: Anzia sokoni

Wengi wanaanza na barua kwa benki na kampuni za simu. Andika hizo barua, lakini usizisubiri. Nenda sokoni saa kumi na moja jioni, wakati akina mama wa mboga wanafunga meza. Chini ya kila meza kuna majani ya nje ya kabichi, matembele yaliyolegea, na papai lililopondeka upande mmoja. "Shikamoo mama, natoka kule kwenye bustani ya wanyama. Haya majani mnayotupa, kobe wetu wanayala." Mara ya kwanza watacheka. Rudi kesho yake saa ileile, na viroba vyako mwenyewe, na awe mtu yuleyule. Baada ya muda utakuta wamekuwekea pembeni.

Kuchambua ni lazima, tena kabla kiroba hakijapanda bodaboda. Kilichoota ukungu kinabaki. Viazi vilivyogeuka kijani vinabaki. Parachichi usimpe mbuni wala ndege mwingine yeyote, ni sumu kwao. Kwa wenye bucha, chukua mifupa na mabaki ya nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Wafugaji wa kuku watakuletea kuku waliokufa bandani, tena kwa moyo mweupe kabisa. Kataa kwa adabu. Hujui wamekufa kwa ugonjwa gani, wala walikuwa wamepewa dawa gani.

Kila anayetoa mpe kadi ya kuingia bure na familia yake siku ya sikukuu. Tangazo la redio sijaona likimshinda mama wa mboga anayewaambia wateja wake kuwa kobe wanakula majani yake.

Hatua ya 3: Chagua siku

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja kuliko wa kalenda ya kawaida, ndiyo maana Idi inasogea. Miaka hii Idi el-Fitri inaangukia Machi, mwanzoni mwa masika. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa mwezi huo. Pasaka nayo iko hukohuko. Kwa hiyo weka bajeti ya maturubai na ya kifusi cha kumwaga kwenye njia. Halafu kuna mwezi: mwenye mahema na mwenye spika uelewane nao kwa maneno "Idi Mosi na Idi Pili", usiandike tarehe, na vitu vinavyooza uviagize mwezi ukishaandama.

Mimi nguvu kubwa naziweka Idi Pili. Idi Mosi watu wanasali na kutembelea ndugu, na wanaokuja mchana ni watoto wenye hela ya sikukuu mkononi, bila wazazi. Hao wanahitaji vitu vya mia tano na vya elfu moja. Idi Pili ndiyo inaleta familia nzima. Boxing Day ina watu wengi, lakini ni joto kali na mzazi tayari anawaza mahitaji ya shule ya Januari. Kwa harambee yenyewe, yaani ya kuomba michango mikubwa, sijaona siku nzuri kama Saba Saba: ni kipupwe na kuna upepo.

Hatua ya 4: Vibali

Serikali ya mtaa, polisi, afisa utamaduni wa halmashauri: anza mapema, upeleke barua kwa mkono. Usimtoe mnyama yeyote nje ya geti kwenda kunogesha matangazo bila ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori. Ukitaka kuuza tiketi za bahati nasibu, kwanza pita Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Na kuna kijana wa kujitolea atakayekuja na wazo la kuuza miiba ya nungunungu iliyodondoka bandani kama kumbukumbu. Mwambie hizo ni nyara za Serikali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha na mtu anayekutwa nazo bila kibali.

Hatua ya 5: Ratiba imfuate mnyama

Kwa kuwa mamba anakula mara moja kwa wiki, siku yake ya kula iwe siku ya sikukuu, saa kumi alasiri, na itangazwe tangu asubuhi. Watu watakaa wakimsubiri, na wakikaa wananunua kachori, juisi ya miwa na askrimu. Mama lishe watoze ada ya meza inayojulikana mapema. Kuwakata asilimia ya mauzo ni ugomvi mtupu.

Spika zielekee getini, mbali na mabanda, na zizimwe saa kumi na mbili jioni. Kila banda liwe na upande uliozibwa kwa makuti, mnyama akichoka na macho ya watu aende huko. Mgeni akilalamika kwamba hamwoni mnyama aliyelipia kumwona, mwelekeze kwa kobe.

Kobe ndio wafanyabiashara wako. Uza vikombe vya matembele yaliyokatwa, mtoto amlishe mwenyewe kwa jani refu. Weka kiasi cha siku kwenye beseni moja asubuhi: likiisha, limeisha, hata foleni iwe ndefu vipi. Pale pa kutokea weka tangi la maji na sabuni, na mtu wa kusimamia, kwa sababu kobe hubeba vijidudu vya salmonella, vinavyoharisha watu, hata akiwa mzima wa afya. Tumbili wasilishwe na mgeni hata mmoja. Wanang'ata, magonjwa yanapita pande zote mbili, na wana mikono miepesi: mtoto akisogeza boksi la juisi kwenye wavu, mrija unaondoka kabla hajafumba jicho. Weka kijana mmoja hapo siku nzima kwa ajili ya kuzuia bisi na karanga tu.

Hatua ya 6: Sajili walezi

Hapa ndipo fedha ilipo. Mlezi ni mtu anayelipia chakula cha mnyama aliyemchagua. Kituo cha Sheldrick cha Nairobi kinampa mtu ulezi wa mtoto wa tembo yatima kuanzia dola 50 kwa mwaka, na kila mwezi mlezi anapelekewa habari za tembo. Hizo habari ndizo zinazomfanya alipe tena mwaka unaofuata. Bustani ya San Antonio, Marekani, imekwenda mbali zaidi: kila Februari unalipa, mende anapewa jina la mpenzi wako wa zamani, kisha analishwa mnyama. Kwetu sidhani kama wazee wa mtaa wangeipitisha, ingawa wateja wasingekosekana.

Meza ya walezi iwe karibu na mlango wa kutokea, mtu akishamwona mnyama. Daftari liwe na jina, simu, mnyama na kiasi. Malipo yaende kwenye lipa namba yenye jina la bustani. Namba ya mtu binafsi inazaa maneno hata kama hakuna aliyeiba. Risiti itolewe papo hapo. Ruhusu vikundi: kikoba, darasa, kijiwe cha bodaboda. Bodaboda watamtaka mbuni, kwa sababu ya mbio. Chatu hana rafiki, mpangie ada ndogo. Na kwenye fomu andika waziwazi kwamba kinachozidi mahitaji ya mnyama mmoja kinalisha wengine.

Hatua ya 7: Wiki inayofuata

Siku inayofuata funga geti, wanyama wapumzike na nyinyi mfagie. Mtunza wanyama akague kila banda kwa mikono, mifuko ya plastiki hujificha kwenye majani. Ndani ya wiki bandika hesabu getini: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Nakala moja ipeleke sokoni, ibandikwe karibu na meza za mboga.

Halafu kila mlezi apate ujumbe mfupi, na uendelee kila mwezi. Mfano: "Habari za leo. Kobe wako amekula matembele na mchicha wiki hii, ana afya njema. Mchango wako umebakiza wiki tano. Karibu Jumamosi saa nne asubuhi, tunamwogesha."