Unaumwa: ufanye kazi ukiwa nyumbani au ulale?

Pima joto kwanza. Likifika nyuzi 38, funga kompyuta. Hapa Kisumu homa ni ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Dawa ya maumivu hushusha joto kwa saa chache tu, ukadhani umepona, kumbe jioni unatetemeka chini ya blanketi.

Ni mafua tu, bila homa? Soma barua pepe moja ndefu. Ukirudia aya ile ile mara tatu, pumzika, na hesabu za pesa usiziguse kabisa.

Mwarifu msimamizi mapema, uchukue cheti cha daktari. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka.