Kusoma umri wa mashine ya wembe ya Gillette

Watu huniletea mashine za wembe za marehemu babu zao, na wengi wameshaona "PAT. NOV. 15 1904" wakaamua wameshika kitu cha mwaka huo. Hiyo ni tarehe ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, aliyopewa King C. Gillette kule Marekani, na iliendelea kupigwa chapa miaka mingi. Inakwambia tu kwamba mashine haikutengenezwa kabla ya 1904.

Isafishe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Jiki usiitie, itakula madini ya juu.

Sasa geuza kichwa, utazame chini yake, huku tochi ya simu ikimulika kwa ubavu. Kwenye mashine za Marekani za kuanzia 1951 kuna herufi na namba. Mara nyingi herufi iko upande mmoja na namba upande wa pili, ndiyo maana mtu huona moja akakosa nyingine. Herufi ni mwaka: W ni 1951, X 1952, Y 1953, Z 1954, kisha A ni 1955 na kuendelea. Namba ni robo ya mwaka. E3, basi, ni kati ya Julai na Septemba 1959.

Linganisha herufi na umbo. Ile nene yenye gurudumu la kurekebisha wembe lenye namba 1 mpaka 9, ambayo wakusanyaji huiita Fatboy, ilitengenezwa 1958 hadi 1961. Ukisoma K juu yake, sugua tena. Huenda ni F yenye uchafu. Super Speed, aina nyingine ya Gillette, isiyo na herufi wala namba kwa kawaida ni ya 1947 hadi 1950.

Gillette aina ya Tech, iliyotoka 1938, ni ya vipande vitatu. Tazama matundu ya bamba la chini: ya pembetatu ni ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, ya mstatili ni ya baadaye. Lakini mpini hufungwa kwenye kichwa cha mashine nyingine bila shida, kwa hiyo kila kipande kipe umri wake. Boksi mimi siliamini kabisa, wauzaji hubadilishana.

Ikiandikwa "Made in England", weka jedwali la herufi pembeni, ni la kiwanda cha Marekani. Hapo utategemea umbo.