Kuoanisha mishale na upinde wa mbao ili kigumba kipana kiende sawa

Mshale unaopiga vizuri kwa ncha ya mazoezi unaweza kuharibika mara tu unapovishwa kigumba kipana. Bapa zake hushika hewa mbele, manyoya nayo yanashika nyuma, na mshale ukitoka upindeni umekaa upande hata kidogo, bapa hushinda. Watu hulaumu kigumba na kwenda kununua kingine. Mara nyingi kosa liko kwenye uti, yaani kijiti chenyewe cha mshale.

Upinde uliochongwa kutoka kipande kimoja cha mti, uwe hikori au osage, hauna sehemu iliyokatwa hadi katikati kama pinde nyingi za kiwandani. Mshale hulala ubavuni mwa mshiko, ncha ikielekea kushoto kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia (wa kushoto ageuze kila nitakachosema hapa). Ugwe ukiachiwa, husukuma nyuma ya mshale kuelekea katikati ya upinde. Uti hujipinda, huuzunguka mshiko, kisha hunyooka. Ukiwa mgumu mno haupindi vya kutosha, unakwaruza mshiko na kwenda kushoto. Ukiwa laini mno unapinda kupita kiasi na kwenda kulia. Ndiyo maana upinde wa aina hii hutaka uti laini kuliko majedwali ya wauzaji yanavyoelekeza.

Anza kwa kupima upinde, na upime kwa urefu unaovuta wewe. Ratili zilizoandikwa kwenye upinde kwa kawaida ni za inchi 28. Ukivuta inchi 26 huzifikii, kwani kila inchi huongeza au kupunguza ratili 2 hadi 3. Vuta mara kadhaa bila kuachia, mwenzako atie alama ya penseli kwenye uti mbele ya upinde, kisha tumia mizani ya ndoano kuvuta ugwe hadi alama hiyo. Upinde mpya upigwe kwanza mishale mia kadhaa, maana nguvu yake hushuka kidogo kabla ya kutulia.

Ugumu wa uti hupimwa hivi: ulaze juu ya vigingi viwili vilivyoachana inchi 26 (sm 66), ning'iniza ratili 2 (gramu 907) katikati, upime umeshuka kiasi gani. Gawanya 660 kwa milimita ulizopata. Ukishuka mm 13.2, uti ni wa ratili 50, mm 14.7 ni 45, mm 16.5 ni 40. Mistari ya pete za mti unayoiona kwenye mwisho wa uti isimame wima wakati wa kupima, kwa sababu upande huo ndio utakaopinda ukipiga. Kwa sababu hiyohiyo, mwanya wa kushikia ugwe ukate kwa kukingama na mistari hiyo.

Kwa upinde wa ratili 50, anza na nyuti za 40 hadi 45 zenye urefu wa inchi 28 na kichwa (ncha au kigumba) cha greni 125 (gramu 8.1). Kila inchi ya ziada, au kila greni 25 za ziada kichwani, ongeza takriban ratili 5 kwenye ugumu. Hesabu hii ni ya kuanzia tu. Mshale mzima uwe na greni 9 au 10 kwa kila ratili ya upinde, yaani gramu 29 hadi 32 hapa. Mwepesi zaidi ya hapo huutesa upinde wa mbao. Mwerezi wa Port Orford, unaotoka Oregon na kaskazini ya California, hupendwa kwa kuwa mwepesi na mnyoofu. Uti uliopinda upashe juu ya makaa, ukunje taratibu, uushike hadi upoe. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hunyoosha mishale yao kwa moto na meno.

Sasa jaribio lenyewe. Chukua nyuti tatu zilizoachwa ndefu, inchi 30 au 31, uzivishe ncha za mazoezi zenye uzito uleule wa kigumba utakachotumia, bila manyoya. Simama hatua 10 kutoka kwenye shabaha laini, upige hizo pamoja na mishale yenye manyoya. Soma zinapotua, usidanganywe na namna zilivyochoma tu, kwa sababu shabaha yenyewe huweza kuugeuza uti unapoingia. Zikitua kulia ya zile zenye manyoya, ni laini: kata robo inchi upande wa mbele, chonga upya, rudia. Kushoto ni ugumu: ongeza uzito wa kichwa au piga msasa sehemu ya katikati. Usikate hadi uti ubaki chini ya inchi moja zaidi ya urefu unaovuta, la sivyo makali ya kigumba yatafika kwenye kidole chako. Ukifika mpaka huo na bado zinaenda kulia kidogo, gundisha kipande cha ngozi ubavuni mwa mshiko. Hicho huusogeza mshale nje nao hufanya kazi kama mgumu zaidi.

Juu na chini huamuliwa na fundo la uzi kwenye ugwe. Lifunge sm 1.2 juu ya mstari wa pembe mraba, yaani ule unaotoka pale mshale unapolala na kukutana na ugwe kwa pembe mraba. Nyuma ya mshale ikikaa juu, shusha fundo. Ikikaa chini, pandisha. Kuna mtego hapa: fundo likiwa chini sana, mshale hugonga mkono na kurushwa juu, ukadhani fundo liko juu. Heri kuanza juu na kushuka milimita mbili mbili.

Ukisharidhika, gundisha manyoya matatu ya inchi 5 yaliyozungushwa kidogo, yote ya bawa la upande mmoja. Kuchanganya ya kulia na kushoto kwenye mshale mmoja ni kuharibu kazi. Kigumba kiweke kwa gundi ya moto, kisha usimamishe mshale ncha ikiwa juu ya kipande cha mbao na uuzungushe kwa vidole. Ukiona kigumba kinayumba, pasha gundi, zungusha kigumba kidogo, ujaribu tena. Hatua hii hurukwa na wengi, ndipo mishale inapotawanyika bila mpangilio.

Piga vigumba na ncha za mazoezi kwa zamu kutoka mita 20. Vigumba vikienda kushoto au kulia, sahihisha kama ulivyofanya na nyuti tupu. Vikitua chini, shusha fundo, vikitua juu, pandisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Noa mwisho, kwa kuwa shabaha hufuta makali. Uti wowote uliogonga kitu kigumu ukunje kwa mikono usikilize: ukilia, uvunje utupe.

Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, kwa hiyo huko haya yote ni ya shabaha tu. Tanzania inahitaji leseni. Majimbo mengi ya Marekani huweka kiwango cha chini cha nguvu ya upinde na upana wa kigumba. Soma kanuni za jimbo lako kabla ya kununua.