Kuoka Tanga Wakati wa Kaskazi kwa Vitabu vya Nchi za Baridi

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na joto la mchana hapa Tanga linapofika nyuzi 32 za Selsiasi au kuzidi, mtu anayependa kuoka hujikuta akitegemea vitabu vya mapishi ambavyo vingi viliandikwa kwa ajili ya majiko yaliyomo katika nyumba zenye ubaridi. Mwandishi wa Uingereza anayeagiza siagi iachwe mezani mpaka ilainike huwa na chumba cha nyuzi 20 akilini mwake, na anaposema donge liachwe saa moja liumuke, chumba ni kilekile. Hata sura yake ya mapishi ya msimu wa joto inahusu Juni hadi Agosti, miezi ambayo kwetu kusi inavuma na jikoni kuna nafuu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwa maoni yangu, keki nyingi zinazoharibika katika kipindi hiki huharibika kwa sababu mpishi amebadili yasiyopasa kubadilishwa: amepunguza mayai na sukari kwa kubahatisha, lakini joto la viungo na muda wa kusubiri ameviacha kama vilivyochapishwa, ilhali hayo mawili ndiyo yaliyostahili kuguswa. Jambo hili lina uzito zaidi miaka hii, kwa kuwa Ramadhani inaangukia katika Februari na Machi, na maandalizi ya vileja, visheti na keki za Idi yanafanyika joto likiwa katika kilele chake.

Kazi ya kwanza ni kusoma, na haihitaji moto. Alasiri ya kaskazi, wakati hakuna mtu mwenye akili timamu anayewasha jiko kwa hiari yake, ndiyo saa nzuri ya kulala mkekani na kitabu cha mapishi na kukisoma kwa raha, kurasa kwa kurasa, pamoja na mapishi ambayo hutayapika kamwe. Unaposoma kwa nia ya kuchagua, usianze na picha. Tazama mafuta yanaingia katika hali gani. Pishi linalotaka siagi iliyoyeyushwa, samli, mafuta ya maji au tui litakutii hata Januari. Pishi linalotaka siagi ngumu ya baridi ikatwe vipande na kukunjwa ndani ya unga matabaka kwa matabaka litakutesa, kwa kuwa siagi huyeyuka kabisa katika nyuzi 32 hadi 35, na meza yako haiko mbali na hapo. Kisha tazama kinachoumua: hamira hupenda joto, na povu la mayai halijali sana, lakini siagi iliyopigwa na sukari ndiyo yenye matatizo yanayoelezwa hapa chini.

Kabla ya kupima chochote, fahamu kitabu kimetoka wapi. Kikombe cha vitabu vya Marekani ni takribani mililita 240, cha Australia ni 250, na kikombe cha chai kilichomo kabatini mwako hakihusiani na chochote kati ya hivyo. Kijiko cha mezani ni mililita 15 katika nchi nyingi, ila Australia ni 20, tofauti ambayo haidhuru katika mchuzi lakini hudhuru katika beking pauda. Vitabu vya zamani vya Kiingereza hutumia ratili, ambayo ni gramu 454, na wakia, ambayo ni gramu 28, pamoja na painti ya mililita 568. Painti ya Marekani ni 473. Joto lililoandikwa 350 bila maelezo ni la Farenhaiti na ni sawa na Selsiasi 177, na alama ya gesi namba 4, ile ya oveni za gesi za Uingereza, ni Selsiasi 180. Mizani ndogo ya jikoni hulipa gharama yake haraka, hasa kwa sababu ya mayai: vitabu huhesabu yai moja kuwa na gramu 50 hivi bila ganda, na yai la kienyeji mara nyingi halifiki hapo, kwa hiyo pima uzito badala ya kuhesabu idadi. Sukari yetu ya punje nene isagwe kidogo kwenye blenda kabla ya kuingia katika keki laini. Kitabu cha Kiingereza kikitaja unga ambao tayari umechanganywa na beking pauda, chukua gramu 150 za unga wa kawaida na vijiko 2 vya chai vya beking pauda, uchekeche pamoja mara mbili.

Unga wenyewe hunyonya unyevu wa hewa ya pwani ukikaa wazi, na unga ulionyonya unyevu huhitaji maji au maziwa machache kuliko kitabu kinavyosema. Uhifadhi katika chombo kinachofunga barabara, na kila unapokanda, zuia sehemu ya kumi ya maji, uiongeze tu pale donge litakapoidai.

Siagi inastahili maelezo marefu zaidi. Kitabu kinapokutaka upige siagi na sukari mpaka viwe vyeupe na vyepesi, lengo ni kunasa vipovu vidogo vya hewa ambavyo baadaye vitapanuka motoni, na siagi hunasa hewa hiyo vizuri ikiwa kati ya nyuzi 18 na 20 hivi. Ikipoa zaidi huwa ngumu mno. Ikipata joto zaidi hulegea na kumwaga hewa yote, na ndipo keki hutoka imejaa mafuta chini na imedidimia katikati, hata kama beking pauda ilikuwa mpya. Kwa hiyo ile sentensi ya kuiacha siagi mezani ipuuze kabisa. Itoe katika jokofu, ikate vipande vidogo, na uanze kuipiga baada ya dakika chache tu, mara kidole kinapoacha alama bila kuzama. Bakuli na sukari vikae jokofuni nusu saa kabla, na mayai yatolewe kwa zamu, moja moja, jinsi yanavyohitajika. Ukiona mchanganyiko unaanza kung'aa kama uliopakwa mafuta, simama, weka bakuli juu ya sinia lenye maji na vipande vya barafu kwa dakika mbili tatu, kisha endelea. Umeme ukiwa umekatika na barafu haipo, chagua pishi jingine la siku hiyo. Majarini huvumilia joto kuliko siagi na ndiyo maana maduka mengi ya keki huitumia, lakini ladha yake ni hafifu, na mimi binafsi ningependelea keki ya samli yenye iliki kuliko keki ya majarini yenye umbo zuri.

Kwa hamira, joto linakusaidia iwapo utalidhibiti. Kazi ya hamira huongezeka takribani maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 8 hadi 10, hivyo donge ambalo kitabu kinalipa saa moja linaweza kuwa tayari kwa nusu saa, na likiachwa saa nzima litachacha, litanuka pombe na mkate wake utakuwa na mashimo makubwa na ladha ya ukali. Punguza hamira mpaka nusu ya kiasi kilichoandikwa, na tumia maji ya baridi. Waokaji wana hesabu rahisi ya kujua ubaridi wa maji: chukua joto unalolitaka katika donge, ambalo ni kama nyuzi 26, lizidishe mara mbili, kisha toa joto la unga. Unga uliokaa jikoni Februari una nyuzi kama 31, kwa hiyo 52 kutoa 31 ni 21, maana yake maji ya bomba yachanganywe na ya jokofuni, wala si yale maji ya uvuguvugu ambayo vitabu vyote huagiza. Ili usitegemee saa, kata kinyunya cha donge, kisukumie ndani ya bilauri iliyonyooka mpaka kikae chini kabisa, na uizungushie bilauri mpira mwembamba wa kufungia mahali kilipoishia. Kitakapofika mara mbili ya hapo, donge zima limefika. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, hasa ukiwa umewasha feni, kwa kuwa upepo wa feni hulikausha juu likashika ganda.

Hata hivyo, mfano mzuri wa uokaji unaolingana na kaskazi hautapatikana katika vitabu hivyo. Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, hauna siagi wala haudai oveni. Loweka gramu 400 za mchele tangu usiku, ndani ya jokofu ikiwezekana, kwa kuwa mchele uliolowekwa mezani katika joto hili huanza kuchacha kabla ya alfajiri. Ikune nazi ukiwa karibu kuitumia, uikamue kwa kifumbu upate mililita 350 za tui zito, kisha usage mchele na tui hilo mpaka usihisi chenga ukiusugua kati ya vidole. Changanya kijiko kimoja cha chai cha hamira, funika, na uangalie baada ya dakika 25. Uso ukiwa umejaa vipovu, tia gramu 150 za sukari, iliki iliyotwangwa papo hapo, na ute wa yai moja uliopigwa ukawa povu. Iliki na mdalasini vya upande wa Amani, katika milima ya Usambara, hupatikana sokoni kwetu vikiwa bado na nguvu, na hakuna sababu ya kununua unga wake uliokaa dukani mwaka mzima. Rojo liwe zito la kumiminika. Likiwa gumu, liongeze tui kidogo.

Pasha sufuria nene ya kipimo cha sentimita 22 hivi, ipake samli kila upande, na umimine rojo sufuria ikiwa na moto wa kutosha kulifanya lilie kidogo. Hapo ndipo ujuzi wa kupalia unapoanza. Baada ya pembeni kuanza kushika, bakisha makaa machache chini na upalie mengi juu ya kifuniko cha bati, takribani theluthi mbili juu na theluthi moja chini, kwa kuwa sehemu ya chini huungua haraka na ya juu hubaki mbichi ukigawa sawasawa. Baada ya nusu saa hivi, chomeka kijiti katikati, na kikitoka kikavu ondoa. Njia hiyohiyo hufaa keki za vitabuni zinazotaka joto la wastani, ila kwa keki weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uupashe, kisha usimamishe chombo cha keki juu yake ili moto wa chini upungue ukali. Kujua kama joto limefika, tia kijiko cha unga mkavu kwenye kisahani cha bati uingize ndani: ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika 5 hivi, joto ni la wastani, ukiwa kahawia iliyokolea, ondoa baadhi ya makaa. Fanya kazi hii uani au penye madirisha wazi, kwa sababu mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu na inaua, na uikinge na upepo wa baharini wa mchana ambao humaliza makaa ya upande mmoja. Wakati ulio bora ni alfajiri, kabla jua halijapanda, au baada ya Isha.

Kuhusu matunda, vitabu vya Ulaya vitakujazia kurasa za stroberi na cheri. Mahali pa cheri, embe lililoiva bila kulegea, likatiwa ndimu, hufaa. Pichi na plamu za Lushoto zikiteremka, zitumie kama kitabu kinavyosema. Nanasi bichi halifai katika vitu vya baridi vinavyogandishwa kwa jelatini, kwa kuwa kimeng'enya chake huvunja jelatini isigande, hivyo lipike kwanza au tumia agari, ambayo hutokana na mwani na pia huondoa shaka, maana baadhi ya jelatini za dukani hutokana na nguruwe. Vanila ya maji mara nyingi huwa na pombe. Iliki au vanila ya unga hushika nafasi yake vizuri.

Kilichookwa kipoe kabisa juu ya chekeche kabla ya kufunikwa, la sivyo mvuke wake wenyewe utakiotesha ukungu. Vileja viingie katika bati linalofunga siku hiyohiyo. Vyenye krimu, kastadi au tui bichi havipaswi kukaa mezani zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, zaidi ya saa moja. Vihifadhiwe chini ya nyuzi 5, na kama friji haina nafasi, vipikwe kwa kiasi cha kuliwa kwa mlo mmoja.

Kila ulichobadilisha kiandike pembeni mwa ukurasa kwa penseli pamoja na mwezi, kwa sababu hamira iliyokutosha Februari haitatosha Julai. Na yale mapishi ya matabaka ya siagi baridi uliyoyapita kwenye mkeka, yawekee kipande cha karatasi kati ya kurasa, uyafungue tena kusi ikishika, kati ya Juni na Agosti, asubuhi mapema, kwenye meza ya saruji au ya marumaru iliyofutwa kwa maji ya barafu.