Radi na Ng'ombe: Hatari Inayopitia Ardhini

Mfugaji wa Kakamega, Kisii au Nandi anaijua saa ya radi. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda kuelekea milimani, hukutana na ule wa mashariki, na kufikia alasiri wingu limeshajaa. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba ng'ombe anaweza kufa bila radi kumgusa; inatosha ipige mti au seng'enge karibu naye.

Siku ya jua, hewa iliyo juu ya malisho ina umeme kidogo, takriban volti 100 kwa kila mita ya kwenda juu, nawe huhisi kitu. Wingu la radi likitanda, kiwango hicho hufika maelfu ya volti kwa mita, na ncha za nyasi na miti huanza kuvujisha chaji hewani. Nywele zikikusimama, umechelewa kukimbiza mifugo. Okoa nafsi yako kwanza.

Radi ikishuka, mkondo wa ampea kama 30,000 husambaa udongoni kuanzia shina la mti, ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Miguu ya mbele ya ng'ombe na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja, kwa hiyo volti hazilingani, na umeme hupanda mguu huu ukashukia ule, moyo ukiwa njiani. Mchungaji aliyebana miguu ana nafuu. Ndiyo maana kundi zima huweza kufa chini ya mkaratusi mmoja.

Basi usingoje matone. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo: zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita kama 10, na ng'ombe wawe wameshaondoka kwenye miti iliyosimama peke yake. Wasirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wewe ingia nyumba ya kudumu au gari lenye paa la chuma; kibanda cha nyasi hakikingi.

Seng'enge ndefu kwenye nguzo za mbao hubeba umeme hadi mwisho wa shamba. Ikate vipande kwa kuacha pengo la mbao, na kila kipande ukiunge na chuma kilichozamishwa kwenye udongo wenye unyevu. Boma la mabati liwekewe waya wa ardhi na fundi anayeijua kazi hiyo.

Ng'ombe akikutwa amekufa, mwite daktari wa mifugo kabla ya kumchuna, hata kama mvua ilinyesha usiku. Kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia, nacho huua ghafla.