Somo: Kuuliza modeli zenye uhusiano wa jumla katika Django, kwa mfano wa daftari la ukaguzi mwaloni

Katika mialo ya Mwanza, yaani fukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hushusha samaki, kitu kinachokaguliwa si kimoja. Asubuhi moja afisa uvuvi anaweza kuangalia usajili wa mtumbwi na majaketi yake ya uokozi, akapima mzigo wa sangara kuona kama umo samaki asiyefikia sentimita 50, kisha mchana akapanda boti kwenda kukagua vizimba vya sato. Kila ukaguzi una tarehe, matokeo na maelezo yaleyale, ila kinachokaguliwa hubadilika. Ndipo uhusiano wa jumla unapoingia: modeli moja ya ukaguzi inayoweza kuelekea modeli yoyote nyingine, bila kutengeneza majedwali matatu ya kaguzi yanayofanana kama mapacha.

Somo hili linachukulia kwamba tayari unajua kuandika modeli za kawaida na kutumia `filter`. Sitakaa sana kwenye kuunda modeli, kwa sababu wengi huliweza hilo siku ya kwanza. Wanakokwama ni siku ya kuuliza.

Hatua ya kwanza: modeli zenyewe

```python
from django.contrib.contenttypes.fields import (
    GenericForeignKey, GenericRelation)
from django.contrib.contenttypes.models import ContentType
from django.db import models

class Ukaguzi(models.Model):
    tarehe = models.DateField()
    umefaulu = models.BooleanField()
    maelezo = models.TextField(blank=True)
    aina = models.ForeignKey(ContentType, on_delete=models.PROTECT)
    namba = models.PositiveBigIntegerField()
    kilichokaguliwa = GenericForeignKey("aina", "namba")

    class Meta:
        indexes = [models.Index(fields=["aina", "namba"])]
```

Tazama kwa makini kilichomo kwenye jedwali. Safu ya `kilichokaguliwa` haipo kabisa katika hifadhidata. Zilizopo ni mbili: `aina`, inayoonyesha ni modeli gani, na `namba`, inayoshika ufunguo mkuu wa kitu chenyewe. `kilichokaguliwa` ni mlango wa upande wa Python tu, ambao huchukua hizo mbili na kukuletea kitu kamili. Ukilishika hili, karibu makosa yote nitakayoyataja hapa chini utayaona kabla hayajakufika.

Faharasa (index) niliyoiweka kwenye `Meta` si pambo. Ufunguo wa kigeni wa kawaida hutengenezewa faharasa na Django yenyewe, lakini jozi hii ya aina na namba haitengenezewi, na jedwali likishakuwa na kaguzi nyingi utaihisi tofauti.

Hatua ya pili: usiiamini namba peke yake

Mtumbwi una namba 41 katika jedwali lake. Kizimba nacho kina namba 41 katika jedwali lake. Kwa hiyo ulizo hili halina maana, ingawa halitoi kosa lolote:

```python
Ukaguzi.objects.filter(namba=41)      # ya mtumbwi au ya kizimba?
```

Na hili, ambalo kila mgeni hulijaribu kwa sababu linasomeka vizuri, hukataliwa kwa `FieldError`:

```python
Ukaguzi.objects.filter(kilichokaguliwa=mtumbwi)
```

Hukataliwa kwa sababu ile niliyoitaja: hakuna safu ya jina hilo ya kuulizwa. Ajabu ni kwamba jina hilohilo hukubalika wakati wa kuunda, yaani `Ukaguzi.objects.create(kilichokaguliwa=mtumbwi, ...)` hufanya kazi bila tatizo, na huo mkanganyiko ndio unaowapotosha watu. Njia sahihi ya kuuliza ni kutaja vyote viwili:

```python
aina = ContentType.objects.get_for_model(Mtumbwi)
Ukaguzi.objects.filter(aina=aina, namba=mtumbwi.pk)
```

Hatua ya tatu: njia ya kurudi

Kuandika aina na namba kila mara kunachosha, na anayechoka husahau. Weka basi njia ya kurudi kwenye kila modeli inayokaguliwa:

```python
class Mtumbwi(models.Model):
    usajili = models.CharField(max_length=30, unique=True)
    mwalo = models.ForeignKey("Mwalo", on_delete=models.PROTECT)
    kaguzi = GenericRelation(
        Ukaguzi,
        content_type_field="aina",
        object_id_field="namba",
        related_query_name="mtumbwi",
    )
```

Kwa kuwa nimezipa safu zangu majina ya Kiswahili, ni lazima nizitaje kwa `content_type_field` na `object_id_field`. Ungeacha majina ya asili, yaani `content_type` na `object_id`, usingehitaji mistari hiyo miwili. `GenericRelation` haiongezi safu yoyote kwenye jedwali la mitumbwi.

Sasa `mtumbwi.kaguzi.all()` inajibu swali la mtumbwi mmoja. Faida kubwa zaidi iko kwenye `related_query_name`, ambayo inakuruhusu kuanzia upande wa kaguzi na kuvuka hadi kwenye mtumbwi, na kutoka hapo hadi kwenye mwalo wake:

```python
Ukaguzi.objects.filter(
    umefaulu=False,
    mtumbwi__mwalo__jina="Kirumba",
)
```

Ulizo hili huleta kaguzi za mitumbwi ya Kirumba zilizofeli, na Django huongeza lenyewe sharti la aina, kwa hiyo kizimba namba 41 hakiwezi kujipenyeza. Ukitaka kuhesabu, `Mtumbwi.objects.annotate(idadi=Count("kaguzi"))` inatosha.

Hatua ya nne: kuuliza kisichokuwepo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojikwaa mwenyewe. Niliombwa orodha ya mitumbwi ambayo haijakaguliwa mwaka huo. Niliandika ulizo la ndani, nikaliunganisha na la nje, orodha ikatoka fupi na nzuri, nikaituma. Siku chache baadaye afisa mmoja akanipigia simu kuuliza kuhusu mtumbwi fulani uliokuwa mbele yake mchangani, ambao kila mtu pale alijua haujawahi kuguswa na mkaguzi, na ambao katika orodha yangu haukuwemo.

Nilikuwa nimeandika hivi (`OuterRef("pk")` ni ufunguo mkuu wa mtumbwi wa ulizo la nje, na `~Exists` maana yake ni "hakuna"):

```python
# KOSA
za_mwaka = Ukaguzi.objects.filter(
    namba=OuterRef("pk"), tarehe__year=mwaka)
Mtumbwi.objects.filter(~Exists(za_mwaka))
```

Kizimba chenye namba sawa na ya mtumbwi ule kilikuwa kimekaguliwa. Ulizo langu likauona ukaguzi wa kizimba, likadhani ni wa mtumbwi, likautoa mtumbwi kwenye orodha. Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba halileti takwimu za ajabu zinazomshtua mtu. Linaficha tu, na kilichofichwa hakilalamiki. Marekebisho yalikuwa sharti moja, la `aina`:

```python
aina = ContentType.objects.get_for_model(Mtumbwi)
za_mwaka = Ukaguzi.objects.filter(
    aina=aina, namba=OuterRef("pk"), tarehe__year=mwaka)
Mtumbwi.objects.filter(~Exists(za_mwaka))
```

Tangu hapo, kila ninapoandika jaribio la msimbo wa namna hii, naunda kwa makusudi mtumbwi na kizimba vyenye ufunguo mkuu uleule. Data ya majaribio ambayo namba zake hazigongani haiwezi kulikamata kosa hili hata ukilijaribu mara mia.

Hatua ya tano: orodha mchanganyiko bila kuichosha hifadhidata

Ukurasa wa mbele wa daftari unaonyesha kaguzi 200 za karibuni, za aina zote. Ukizizungusha na kuandika `u.kilichokaguliwa` kwa kila moja, Django litakwenda kwenye hifadhidata mara moja kwa orodha na mara moja zaidi kwa kila ukaguzi, yaani safari zaidi ya 200. Kwenye kompyuta ya nyumbani huoni kitu. Alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi, wakati watu wengi wanafungua ukurasa uleule kwa simu, utaona.

`select_related` haifanyi kazi hapa, kwa sababu haiwezi kujua mapema iunganishe jedwali lipi. Tumia `prefetch_related("kilichokaguliwa")`, ambayo huzikusanya namba kwa aina na kupiga ulizo moja kwa kila aina. Kwa mitumbwi, mizigo na vizimba, safari 200 za ziada zinakuwa tatu.

Kuanzia Django 5.0 unaweza pia kuamua kila aina iletwe vipi:

```python
from django.contrib.contenttypes.prefetch import GenericPrefetch

Ukaguzi.objects.prefetch_related(
    GenericPrefetch("kilichokaguliwa", [
        Mtumbwi.objects.select_related("mwalo"),
        Kizimba.objects.select_related("mmiliki"),
    ])
)
```

Kabla ya toleo hilo, jina la mwalo kwenye kila mstari lilikuwa linarudisha tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma.

Maswali ya wasomaji

*Swali, kutoka Ukerewe:* Shikamoo mwalimu. Nimefuta mtumbwi mmoja uliozama, na kaguzi zake zote za miaka mitatu zimepotea. Sikuandika `CASCADE` popote. Nini kimetokea?

Marahaba, na pole sana. Kilichozifuta ni `GenericRelation`. Ikiwepo kwenye modeli, kufuta kitu hufuta na vyote vinavyokielekea, na `GenericForeignKey` haina `on_delete` ya kuzuia jambo hilo. Ile `PROTECT` niliyoiandika kwenye `aina` inalinda kaguzi dhidi ya kufutwa kwa rekodi ya aina, kwa mfano kwa amri ya `remove_stale_contenttypes`. Haihusiki na mtumbwi wenyewe.

Ushauri wangu ni kutofuta kabisa. Ongeza safu ya hali kwenye `Mtumbwi`, uandike kwamba umezama au umeuzwa, kwa sababu kumbukumbu za serikali hazipaswi kuzama na mtumbwi. Kama ni lazima ufutaji ubaki, sikiliza ishara ya `pre_delete` na utupe `ProtectedError` mtumbwi unapokuwa na kaguzi. Njia ya tatu ni kuondoa `GenericRelation`: kaguzi zitabaki, lakini `kilichokaguliwa` itakuletea `None`, na utapoteza raha yote ya hatua ya tatu.

*Swali, kutoka Sengerema:* Je, `get_for_model` inakwenda kwenye hifadhidata kila ninapoiita?

Hapana. Mara ya kwanza tu, kisha jibu hukaa kwenye kumbukumbu ya programu.

*Swali, kutoka Nyamagana:* Kaka, mtumbwi wangu una `kaguzi` na pia `picha`, zote za uhusiano wa jumla. Nikihesabu zote mbili kwenye ulizo moja, mtumbwi wenye kaguzi 3 na picha 4 unaniambia 12 kwa 12.

Majedwali mawili yameunganishwa kwa pamoja, kwa hiyo kila ukaguzi umerudiwa kwa kila picha: 3 mara 4. Andika `Count("kaguzi", distinct=True)`, na `picha` vivyo hivyo. Hili si la uhusiano wa jumla peke yake, hata funguo za kawaida hufanya hivyo.

*Swali, kutoka Ilemela:* Nilihamisha data kutoka kwenye kompyuta yangu kwenda kwenye seva kwa `dumpdata` na `loaddata`. Sasa kaguzi za mizigo zinaonyesha vizimba. Data imeharibika?

Data yako ni nzima, ila tafsiri ya `aina` imebadilika. Namba za aina hutolewa kwa mpangilio wa kila hifadhidata: kwako `Mzigo` inaweza kuwa 9, kwenye seva 9 ikawa `Kizimba`. Toa data upya hivi:

```
python manage.py dumpdata mialo --natural-foreign
```

Hapo aina itaandikwa kwa jina la programu na jina la modeli badala ya namba. Kwa sababu hiyohiyo usiandike kamwe `aina_id=9` ndani ya msimbo, hata kama leo inafanya kazi.

*Swali, kutoka Magu:* Ndugu mwandishi, naomba kuuliza kwa heshima: aina zetu ni tatu tu. Kwa nini tusiweke funguo tatu za kigeni za kawaida, mbili zikae tupu?

Swali zuri, na jibu langu ni kwamba kama una hakika zitabaki tatu, fanya hivyo. Funguo tatu pamoja na `CheckConstraint` inayohakikisha moja tu imejazwa zitakupa kitu ambacho uhusiano wa jumla hauwezi: hifadhidata yenyewe itakataa ukaguzi unaoelekea mtumbwi usiokuwepo. Kwenye uhusiano wa jumla, `namba` ni tarakimu tu, unaweza kuandika 999999 na hakuna atakayekuzuia. Pia utaruhusiwa `select_related`, na kosa langu la hatua ya nne lisingewezekana.

Mimi nilichagua uhusiano wa jumla kwa sababu daftari lilianza na mitumbwi, likaongezewa mizigo, kisha vizimba, na sasa wanataka mitambo ya barafu na magari ya kubeba samaki, na kila nyongeza sihitaji kuligusa jedwali la kaguzi. Daftari la mwalo mmoja wenye mitumbwi na mizigo tu ningelijenga kwa funguo za kawaida.